Mama Aliyemzika Mshambuliaji wa Unguja

Veneranda binti Jilala wa mtaa wa Cheyo, Tabora, hakuwa na cheo, wala shamba la kutajwa, wala ng'ombe. Alikuwa na mdomo. Nalisema hili kwa heshima zote, maana Tabora nzima ilikuwa ikisema hivyo hivyo, na mwenyewe akiambiwa alikuwa akiitikia, "Ndiyo, na kuulisha nako ni kazi."

Mchana aliuza karanga za kukaanga na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa karibu na stesheni, pale abiria wa Kigoma wanapopishana na wa Mwanza. Lakini jambo lililomfanya ajulikane halikuwa biashara. Lilikuwa utani. Baba yake, mzee Jilala wa Lusu, alikuwa mpagazi zamani za misafara, kabla reli haijafika. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo na kurudi. Katika njia ile ile Wanyamwezi na Wazaramo waligombana, wakapatana, mwisho wakawa watani. Tangu hapo Mzaramo akimkuta Mnyamwezi, popote pale, anayo ruhusa ya kumtukana, kumnyang'anya alichoshika na kumwita mpagazi wake, na Mnyamwezi naye anayo ruhusa hiyo hiyo. Sharti ni moja tu: hakuna kukasirika. Anayekasirika amekosa. Na anayekwenda kumshtaki mtani wake kwa mkubwa amekosa kupita kiasi; huyo hutozwa faini, na ndugu zake wote huona haya.

Kazi kubwa ya watani iko msibani. Wao ndio wanaomwiga marehemu alivyokuwa akitembea, wanaojilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka wapewe kuku, wanaowachekesha wafiwa machozi yakiwa bado mashavuni. Kwa kazi hiyo Veneranda hakuwa na mfano wake kutoka Tura mpaka Ujiji. Akifiwa Mzaramo yeyote wa pale mjini, mtu wa kwanza kuitwa baada ya ndugu alikuwa yeye.

Kisha akafiwa yeye. Alois mumewe, mtu mkimya wa genge la kutengeneza njia ya reli, alirudi kutoka Tura na homa, na homa ikamchukua. Wazaramo wakaja, kama ilivyo haki yao. Mmoja akavaa koti la marehemu, akawa anatembea kwa kuchechemea vile vile kama Alois, akiuliza nyundo yake iko wapi. Veneranda alikuwa amelala chini kwenye mkeka, macho yamevimba, hajala wala hajanena. Akamtazama yule mtu. Akamwambia, "Mume wangu alichechemea kwa sababu ya kazi. Wewe unachechemea kwa sababu ya ulevi." Ua mzima ukaangua kicheko, naye akacheka, akaketi, akaomba maji.

Wenceslaus, mwanawe wa pekee, alikuwa amekuja kutoka shuleni kwa mapadri kumzika baba yake. Alimwona mama yake akicheka, akainuka, akatoka nje. Hakusema naye kwa muda mrefu mno. Laiti angemwuliza, Veneranda angemweleza kwamba bila kicheko kile asingenyanyuka pale mkekani. Lakini kijana hakuuliza, na mama hakujua aanzie wapi.

Miaka ikapita. Wenceslaus akawa karani wa simu za reli, suruali imepigwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate, akapangiwa kazi Tabora hapo hapo. Akarudi kukaa na mama yake. Siku ya kwanza walikula ugali kimya. Siku ya pili akasema, "Mama, mimi sasa ni mtu wa ofisini. Nakuomba jambo moja. Mambo yale ya utani, nikiwapo mimi, yasiwepo."

"Nimesikia, baba," Veneranda akajibu. Angejibu ndiyo hata kama mwanawe angemtaka aache kupumua. Amempata tena, hakutaka kumpoteza. Watu wa stesheni wakashangaa kumwona Veneranda akipima karanga kimya, Wazaramo wakimchokoza naye akitazama pembeni. Walidhani anaumwa.

Hapo ndipo mpira ulipoingia.

Miaka ile ya mwanzo ya hamsini, Mwingereza akiwa bado ameketi bomani, timu za nchi jirani zilikubaliana kushindania kikombe, wakakiita Kombe la Majirani. Tabora ikachaguliwa kuwa mwenyeji kwa kuwa njia zote za reli hukutana pale, na kwa kuwa, tuseme ukweli, watu wa Tabora walipiga kelele kuliko wengine. Wakaja Kongo na Urundi kwa meli ya ziwani halafu treni ya Kigoma, Uganda kupitia Mwanza, Unguja kupitia Dar es Salaam, na wengine. Mashindano yalikuwa ya mtoano. Ukifungwa leo, kesho unapanda treni na sanduku lako. Hakuna cha kujitetea.

Timu ya Tanganyika ilijaa vijana wa reli, na golikipa wake alikuwa Wenceslaus. Alidaka vizuri, hilo hakuna aliyelibisha. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alivaa kofia ya kijivu aliyoinunua Dar es Salaam, wala hakupata kudaka mpira bila kuivaa. Ila alicheza kama alivyokuwa akipiga simu zake, bila tabasamu, kana kwamba kuna mkubwa anamwangalia nyuma ya mgongo.

Asubuhi ya mechi ya kwanza alimwambia mama yake, akifunga kamba za viatu, bila kumtazama usoni, "Mama, uwanjani pana watu wa kila namna. Pengine ungebaki nyumbani."

"Nitauza karanga nje ya uwanja," akasema Veneranda. "Nje kabisa. Sitaingia."

Ndivyo ilivyokuwa. Mechi na Urundi alikaa nje ya ua wa minyaa, kapu mbele yake, akiusikiliza mpira kwa kelele za watu. Kelele zikipanda anashika kifua. Zikishuka anashika kichwa. Rafiki yake Sikuzani, mke wa fundi cherehani wa mjini, alikuwa akitoka kila mara kumletea habari. Urundi wakafungwa mawili kwa moja. Nusu fainali wakaja Kongo, watu wenye miguu laini, wakasumbua mpaka jioni, na Damas, mshambuliaji wetu mfupi mwenye mapaja kama vinu, akapachika bao la pekee kwa kichwa. Veneranda alirukaruka peke yake nyuma ya minyaa mpaka karanga zikamwagika. Mtu asimwone, akaziokota upesi.

Basi ikabaki fainali, na waliobaki nao ni Unguja.

Sasa Unguja walikuwa na sentafowadi aitwaye Nassibu, kijana wa mtaa wa Ng'ambo, mchukuzi wa bandarini. Miguu yake ilisifiwa kote alikopita. Lakini watu wa Tabora walipouliza ukoo wake wakaambiwa kwamba baba yake ni Mzaramo wa Kisarawe aliyevuka kutafuta kazi. Mzaramo! Mji ukachangamka kama umeambiwa kuna harusi. Tangu aliposhuka kwenye treni watu walimtukana kwa furaha, naye akawatukana kwa furaha, akamnyang'anya mzee mmoja mkongojo na kuurudisha baada ya kupewa muwa.

Siku ya fainali uwanja ulijaa, na waliokosa nafasi walipanda juu ya mabehewa yaliyokuwa yameegeshwa jirani. Timu zilipopeana mikono, Nassibu alifika kwa Wenceslaus, akamtazama kuanzia viatu mpaka utosi.

"Ewe mpagazi wangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kule nyuma, "nani amekuruhusu utue mzigo? Babu yangu bado anaungoja Bagamoyo!"

Watu wakacheka wakangoja jibu. Wenceslaus alikunja uso. Nassibu, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akaona labda golikipa ni mzito wa kuamka. Akamnyakua ile kofia ya kijivu, akaichomeka kwenye bukta, mpira ukaanza.

Balaa gani hili! Wenceslaus hakuutazama mpira tena. Alikuwa akiitazama kofia. Kofia ikienda kulia macho yanakwenda kulia, na wakati macho yako kulia winga wa Unguja akapiga kushoto. Bao. Baadaye ikaja kona, Wenceslaus akaruka kwa hasira badala ya kuruka kwa hesabu, akaukosa mpira, Nassibu akausukuma wavuni kwa goti. Mabao mawili. Na Nassibu, akirudi katikati, akampungia kwa kofia yake mwenyewe.

Hapo Wenceslaus akafanya jambo ambalo hadi leo wazee wa Tabora wakilikumbuka wanafunika macho. Alimfuata refa, Mgoa mmoja aliyekuwa akifanya kazi Posta, akamnyooshea Nassibu kidole. "Bwana refa, mtu huyu ameniibia kofia. Naomba mumchukulie hatua."

Refa akapuliza filimbi, akaamuru kofia irudishwe. Nassibu akaitoa, akaikung'uta vumbi, akaikabidhi kwa mikono miwili. Hakuwa akicheka tena. Na uwanja mzima, Wanyamwezi kwa Wasukuma, waliokuja kwa miguu kutoka vijijini na wenyeji wa mjini, ukanyamaza. Kijana wao amemshtaki mtani. Amemshtaki mgeni, mbele ya nchi nyingine, kwa jambo ambalo ni haki yake. Mpira uliendelea mpaka mapumziko, lakini hakuna aliyeshangilia. Ukiona timu iko kwao na inacheza kimya, ujue hiyo imekwisha.

Sikuzani alitoka mbio, ushungi umeteleza begani.

"Mama Wensi! Mwanao amemshtaki mtani kwa refa!"

"Amemfanya nini?"

"Amemshtaki, shoga yangu. Kwa ajili ya kofia. Watu wote wameinamisha vichwa. Na yule Mzaramo wa watu amenyong'onyea, utadhani amepigwa. Tumeshafungwa mawili, na yatakuja mengine, maana hakuna mwenye moyo. Inuka."

"Nimemwahidi sitaingia."

"Faini ya kosa hili nani wa kuilipa kama si mama yake?"

Veneranda alibaki ameketi. Alijua kabisa ni nini kinachomngoja ndani. Akiingia na kukaa kimya, haina maana. Akiingia na kufungua mdomo, Wenceslaus anaweza kubeba sanduku lake kesho na kuomba uhamisho, na safari hii asirudi tena. Moyo ulimuuma, tena uliuma hasa. Lakini upande wa pili kulikuwa na mgeni aliyevunjiwa heshima na mwanawe mwenyewe, na jambo hilo halikuweza kuachwa lilale. Akajitwisha kapu, akaingia.

Watu walimpisha. Alipita katikati ya uwanja, mwanamke mfupi mwenye khanga mbili, mpaka pale wachezaji wa Unguja walipokuwa wakinywa maji. Akatua kapu, akapiga magoti mbele ya Nassibu.

"Mtani wangu," akasema, "yule golikipa ni wangu. Nilimzaa mimi, na nilimlea mimi, na kama hajui adabu ya utani basi kosa ni langu. Hii ni faini yake. Pokea."

Nassibu aliona haya. "Inuka mama yangu, yamekwisha," akasema, akainama kulipokea kapu la karanga.

Mara tu mikono yake ilipolishika, Veneranda alivua khanga ya juu na kumfunika nayo gubigubi, kichwa mpaka magoti. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akatoa kilio kilichosikika mpaka juu ya mabehewa.

"Uuuwi! Jamani Mzaramo amekufa! Amekufa akiwa ameshika chakula, kama alivyoishi!"

Halafu uwanja ukapasuka. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wamekabwa koo, sasa wameachiwa. Na Nassibu, Mungu ambariki, hakuhitaji kufundishwa. Alijibwaga chini ndani ya ile khanga, akanyoosha miguu, akawa maiti.

"Ulikuwa mtu mwema, Nassibu," Veneranda aliomboleza akiizunguka maiti. "Sufuria ikiepuliwa Tabora, wewe unanawa mikono Unguja! Kazi ulikuwa ukiichukia, lakini ukiisifu mbele za watu! Nani sasa atalala mchana kwa niaba yetu? Wenzake wa Unguja mko wapi? Njooni mbebe, au mnangoja Wanyamwezi wawabebee hata maiti?"

Wachezaji wa Unguja, wakijikamua machozi, walimwinua mwenzao mabegani. Wanawake wa Tabora wakafuata nyuma wakilia kilio cha uongo, Sikuzani akiwa wa kwanza, na msiba ule ukauzunguka uwanja mzima huku maiti ikitoa mkono chini ya khanga na kutafuna karanga. Refa alitazama saa yake, akatazama mbingu, akaiacha filimbi mfukoni. Nadhani alielewa kwamba kuna mambo Posta haiyajui.

Veneranda alipofika upande wa goli letu alimtazama mwanawe. Wenceslaus alikuwa amesimama ameegemea mti wa goli. Walipokutana macho, aligeuka akampa mgongo.

Basi. Amempoteza. Veneranda aliketi chini nyuma ya goli. Pembeni yake watu walikuwa wakimpongeza na kumgusa mabega, yeye hakuwasikia.

Kipindi cha pili kilikuwa mpira mwingine kabisa. Watu walishangilia mpaka mabehewa yakatikisika. Mara mbili Wenceslaus aligeuka kumtazama mama yake na watu waliokuwa bado wakicheka, kama karani anayeisoma upya simu. Damas akapata bao kwa shuti la mbali. Akapata la pili baada ya kumpita beki aliyekuwa bado anacheka. Jua lilipokuwa linainama, winga wetu akamega krosi, mpira ukamgonga beki wa Unguja begani na kuingia. Matatu kwa mawili! Wanaume wazima walikumbatiana na watu wasiowajua.

Ndipo, dakika za mwisho kabisa, beki wetu akaudaka mpira kwa mikono ndani ya boksi kama anayepokea mtoto. Penalti. Refa hakusita, na hata sisi hatukubisha. Mpira ukawekwa, akaja Nassibu. Watu walisema hajawahi kukosa penalti tangu azaliwe.

Wenceslaus alitoka golini. Alitembea polepole kuelekea kwa Nassibu, na uwanja ukagumia kwa huzuni, kila mtu akidhani anakwenda kushtaki tena. Veneranda akafumba macho.

Wenceslaus alifika, akavua kofia yake ya kijivu, akamvika Nassibu kichwani, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Marehemu," akasema, na sauti ilikuwa ya karani, lakini maneno hayakuwa ya karani, "vaa. Wewe umekufa na njaa, usije ukafika ahera na jua nalo limekuchoma."

Watu waliosimama karibu walianguka. Waliokuwa mbali waliambiwa na waliokuwa karibu, na kicheko kikazunguka uwanja kama maji yanavyojaa jarubani. Nassibu alicheka mpaka akashika mbavu. Alirudi nyuma kujipanga, akaanza kukimbia, akacheka tena, akasimama, akaanza upya. Kuivua kofia hakuweza. Ilikuwa zawadi ya mtani. Mwisho alipiga, mabega yakitikisika, na mpira ukaenda pembeni kwa nguvu zake za kawaida, maana mguu ule haukujua kupiga kizembe. Lakini Wenceslaus, ambaye siku nzima alikuwa amekakamaa, safari hii aliruka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Akaugusa kwa vidole. Ukagonga mti, ukatoka.

Filimbi ya mwisho sikuelezi. Vigelegele, ngoma, honi za magari moshi ambazo hakuna aliyetoa ruhusa zipigwe. Wachezaji walikimbilia kikombe. Wenceslaus hakukimbilia kikombe. Alizunguka nyuma ya goli, akamkuta mama yake bado ameketi kwenye vumbi, akaketi kando yake na jezi yake nyeupe. Akajishika kichwa kwa mikono miwili, akatoa kilio kirefu, kibaya, kisicho na mfano wa ubaya.

"Uuuwi, Mzaramo wetu!" Akamgeukia. "Ndivyo, mama? Au nimekosea?"

Veneranda alifungua mdomo amjibu. Mdomo ule uliowanyamazisha watani wa njia nzima ya reli haukutoa hata neno. Machozi yalimtoka, ya kweli, yakimchuruzika mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Wenceslaus alimwekea mkono begani, akauacha hapo.

Kivuli kikawaangukia. Alikuwa Nassibu, kofia kichwani, kapu tupu mkononi.

"Jamani, mimi maiti nina njaa. Chakula cha matanga yangu kinaliwa wapi?"

"Cheyo," akajibu Wenceslaus. "Kwa mama yangu. Njoo na timu nzima. Na ukipotea njia, mwulize mtu yeyote Tabora, mama yangu anajulikana."